Punda Bulla na Nadhiri ya Mama: Historia ya Marehemu Bibi Tewabech Wondafrash

Jumamosi tarehe 5 Tahsas mwaka 1967, saa kumi na moja na robo jioni, katika kipindi cha watoto cha televisheni hapa Addis Ababa, kikaragosi cha punda aliyevaa shuka ya mwanafunzi aliinua masikio yake, akatazama huku na huko, akaita kwa sauti kuu, "Mfalme, njoo! Umejificha wapi? Toka, usiogope, kiti chako ki kitupu!", na tangu dakika ile maisha ya mama yetu tunayemsindikiza leo, Bibi Tewabech Wondafrash, ambaye alikuwa amepiga magoti chini ya meza, mkono wake ukiwa ndani ya punda yule na sauti ya punda ikitoka kinywani mwake, yaligeuka, na hayakurudi mahali pake kwa muda mrefu sana.

Waheshimiwa mapadri na mashemasi, wazee wa chama chetu cha kuzikana, ndugu, jamaa na majirani, familia imeona tuanze na dakika hiyo kwa sababu wengi wenu mlimfahamu marehemu kwa ajili yake, lakini sasa turudi mwanzo kama ilivyo desturi, na wageni waliotoka ughaibuni watuwie radhi, tarehe zote tutakazosoma ni za kalenda yetu, waongeze miaka saba au minane wenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 21 Ginbot 1940, siku ya Maria, katika viunga vya mji wa Debre Birhan, akiwa mtoto wa tatu wa Mwalimu wa kanisa Wondafrash Adgeh na mkewe Bibi Yeshimebet Ayele, na katika ua wa nyumba yao ndiko watoto wa mtaa mzima walikokuja kila asubuhi kukaa juu ya mawe, wakiwa wamejifunika shuka kwa ajili ya baridi, wakizipigia kelele herufi zetu mstari kwa mstari mpaka sauti zikauke. Mzee Wondafrash alikuwa mtu mpole nyumbani lakini mkali darasani, na mtoto aliyekwama alimwita punda, kama walimu wote wa wakati ule walivyofanya, hata siku moja binti yake, akiwa na umri wa miaka sita, akamuuliza mbele ya wanafunzi wote, "Baba, kwani punda amewahi kufundishwa, akashindwa?" Mzee akasema, "Huyu mtoto mdomo wake utamfikisha mbali, kama hautamfikisha pabaya," na Mungu aliye juu akayatimiza maneno yote mawili.

Alianza shule ya serikali mwaka 1947 hapo hapo Debre Birhan, akamaliza madarasa yake bila kurudia hata moja, akajiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1959, na mwaka uliofuata akaajiriwa kufundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi eneo la Gulele, ambako alishona punda wake wa kwanza kwa gunia la shayiri, akamwita Bulla kwa kuwa rangi yake ilifanana na ule uji mweupe wa migomba tunaouita bulla, akamtia mkononi, na watoto waliokuwa wakiogopa kusoma mbele ya mwalimu wakawa wanagombania kumsahihisha punda. Maana Bulla alikuwa hajui kitu, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kila herufi aliitaja vibaya, akabisha, akaapa kwa kwato zake zote nne kwamba yeye ndiye aliye sahihi, mpaka watoto wamzomee na kumfundisha, na kwa kumfundisha yeye wakawa wamejifundisha wenyewe.

Habari za punda huyo zilifika kituo cha televisheni, marehemu akaitwa, na Jumamosi tarehe 7 Tikimt 1963 kipindi chake kikaanza kwenda hewani kila wiki, bila kunaswa kwenye mkanda, kwa sababu mikanda ilikuwa michache na ilihifadhiwa kwa mambo ya wakubwa. Hapo kituoni ndipo alipokutana na Bwana Beyene Tessema, fundi seremala aliyetengeneza meza, milango na herufi za mbao za kipindi kile, nao wakafunga ndoa takatifu siku ya Jumapili tarehe 14 Tir 1964, katika msimu wa harusi baada ya sikukuu ya Ubatizo, na Bwana akawajalia watoto wawili, Mahlet aliyezaliwa mwaka 1965, na Dagim aliyezaliwa mwaka 1970.

Sasa tufike kwenye lile somo. Kila msomaji wetu anajua kwamba tunazo herufi mbili zenye sauti moja ya se, na kwamba tangu zamani za mababu, ili tusizichanganye, moja tunaiita se ya mfalme, kwa kuwa ndiyo inayoandika neno mfalme, na nyingine se ya moto, kwa kuwa ndiyo inayoandika neno moto, na marehemu alikuwa na mchezo wake aliourudia kila mwaka na ambao watoto waliupenda kuliko yote, kwamba se ya mfalme imekimbia somo, imejificha nyuma ya kigoda, na Bulla anaitafuta kila mahali isipokuwa pale ilipo, huku watoto majumbani wakimpigia kelele mpaka waanguke chini. Mwaka huo wa 1967 mfalme wa nchi alikuwa ameondolewa miezi mitatu kabla, wanajeshi wameshika serikali, watu wakubwa wamepigwa risasi mwezi mmoja nyuma, na mji mzima ukizungumza kwa kunong'ona, lakini marehemu, kama mtu anayesali sala aliyoikariri tangu utotoni, hakuwa amefikiri hata kidogo kwamba katika somo lake kulikuwa na neno lolote zaidi ya herufi.

Taa zilizimwa kabla herufi haijatoka nyuma ya kigoda. Mpiga picha alivua vifaa vyake vya masikioni, akamwambia, "Dada Tewabech, umetuua sote."

"Kwani nimekosea herufi?"

"Laiti ungekosea herufi!"

Jumatatu alichukuliwa nyumbani alfajiri, akawekwa ndani, akahojiwa, na mambo ya humo hakuyasimulia kwa miaka mingi, ila uzeeni alipenda kusimulia sehemu moja, jinsi askari kijana alivyomuuliza kwa ukali, "Huyo mfalme uliyemwita ni nani?", naye akajibu, "Ni herufi, kaka," askari akasema, "Herufi inakaa kwenye kiti?", akajibu, "Kile ni kigoda cha jikoni kwangu, kakichunguzeni," na askari alipomuuliza, "Na punda wako yuko upande wa nani?", marehemu akasema, "Kaka, punda ni wa yeyote mwenye mzigo," na hapo afisa mzee aliyekuwa amekaa pembeni akageuza uso ukutani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichokizuia.

Wakati huo huo mama yake, Bibi Yeshimebet, alikuwa amekuja mjini kwa miguu mitupu, akasimama nje ya kanisa la Gabrieli, akaweka nadhiri kwa sauti ambayo majirani waliisikia, akisema, "Gabrieli mtakatifu, uliyewatoa vijana watatu katika tanuru, nirudishie binti yangu, nami nitakuletea mwavuli wa mahameli wa kanisa lako, na yule punda hatasema tena kwa kinywa cha mwanangu maisha yake yote." Binti yake akaachiliwa tarehe 19 Tahsas, siku ya sikukuu ya Gabrieli yenyewe, waumini wakiwa bado wanatoka kanisani, kwa hiyo hakuna mtu katika familia yetu, wakati ule wala baadaye, aliyethubutu kusema kwamba nadhiri ile haikupokelewa.

Mwavuli ulipelekwa. Kipindi kilifutwa. Bwana Beyene, alipokwenda kukusanya vyombo vyake vya kazi, alimtoa Bulla kituoni ndani ya sanduku la misumari, akamfungia kabatini, na marehemu akarudishwa kufundisha darasa la kwanza huko Gulele, alikofundisha mpaka alipostaafu mwaka 1995, mwalimu mzuri, mvumilivu, asiyemwita mtoto yeyote punda, lakini bila punda mkononi, na wazazi waliomkumbuka walipomwomba, "Mwalimu, tusikilizishe Bulla kidogo tu, hata neno moja," alitabasamu, akasema, "Amekwenda kijijini." Kila usiku aliweka viatu vyake kando ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni, ili wakija tena alfajiri asitoke peku, na serikali ile ilipoondoka, ikaja nyingine, na nyingine tena, viatu viliendelea kukaa pale pale.

Bibi Yeshimebet alifariki mwaka 1979, na hapo ndipo mzigo ulipokuwa mzito zaidi, kwa maana nadhiri ya mtu aliye hai unaweza kumwomba mwenyewe akaifungue, lakini ya aliyekufa utaifunguaje? Mumewe Beyene naye alitangulia mbele za haki mwaka 1994. Marehemu alitaka kumsikia Bulla tena kabla hajafa, hilo watoto wake walilijua, maana walimkuta mara nyingi akipiga brashi yale masikio na kuyarudisha kabatini, na aliogopa kumwibia malaika kitu alichokwisha kupewa, na hilo nalo walilijua.

Mwezi wa Megabit 2012, ugonjwa ulioenea duniani ulipofunga shule zote na watoto wakakaa majumbani, alifika mlangoni Bwana Surafel Kidane, mwenye studio ndogo ya kutengeneza vipindi, akiwa amefunika mdomo na pua, akasimama mbali kama ilivyotakiwa, akasema, "Mama, mimi nilikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumejaa sebuleni kwa jirani, nikapiga kelele, yuko nyuma ya kigoda, yuko nyuma ya kigoda, picha ikakatika. Nina miaka hamsini na moja sasa, na yule mfalme sijamwona akitoka. Nisaidie. Watoto wako nyumbani, hawana mwalimu, turudishe Bulla."

Marehemu alimkaribisha kahawa, akamlisha shayiri ya kukaanga, akamweleza habari ya nadhiri, akamwambia, "Mwanangu, mdomo wangu una kufuli, na mwenye ufunguo yuko kaburini."

Surafel aliondoka akilia, lakini marehemu naye hakulala, na asubuhi alikwenda kwa baba yake wa nafsi, padri aliyemwungamia tangu ujana, Abba Tsige, ambaye yupo nasi hapa leo, akamweleza yote upya, na Abba, baada ya kufunga na kusali siku tatu, akamwita.

"Niambie maneno ya mama yako. Usiongeze, usipunguze."

"Alisema, punda hatasema tena kwa kinywa cha mwanangu."

"Kwa kinywa."

"Ndiyo, Abba, kwa kinywa."

"Alitaja mkono?"

"Hapana, Abba."

"Binti yangu, kuvunja nadhiri ni dhambi, lakini na kuirefusha kuliko ilivyosemwa ni kumwekea malaika maneno mdomoni. Kinywa chako ni cha Gabrieli, kitunze. Mkono wako ulikuwa wako miaka yote hii. Nenda ukafanye kazi."

Wanaokumbuka siku ile wanasema alirudi nyumbani akitembea upesi kama msichana, akamtoa Bulla kabatini, akamtia mkononi, akamgeukia binti yake Mahlet, mfamasia, mtu wa heshima zake, akamwambia, "Wewe utakuwa sauti."

"Mama, nina miaka arobaini na saba! Nitaliaje kama punda mbele za watu?"

"Vile vile ulivyokuwa ukilia ukinyimwa mkate."

Ugumu ulikuwa huu, kwamba mwalimu hakuruhusiwa kuionyesha sauti aliyokuwa akiifundisha, na Mahlet, aliyekuwa na miaka miwili tu kipindi kilipofutwa, hakuikumbuka, kwa hiyo wakabuni njia yao wenyewe, Mahlet akijaribu na punda akihukumu, akiikosea Bulla anampa mgongo, akikaribia sikio moja linanyanyuka, akizidisha madaha punda anajifanya kusinzia, na siku moja Mahlet, amechoka na amekasirika, akafoka, "Aka, huyu punda amenichosha, nasema hivi, mimi siwezi tena!", na kabla hajamaliza Bulla alikuwa amegeuka, masikio yote mawili yamesimama, kinywa kikifuata maneno yake moja baada ya jingine, na marehemu, machozi yakimtiririka, akitikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, hiyo ndiyo.

Kipindi kilirudi hewani Jumamosi tarehe 1 Ginbot 2012, siku ya Kuzaliwa kwa Maria, majirani wakila ngano na mbaazi za kuchemsha kila mmoja mlangoni pake, na kwa kuwa herufi zetu zina mpangilio wake, kila mtu alijua kwamba Jumamosi ya tano itakuwa zamu ya se ya mfalme. Bwana Surafel, kwa wema wake, alisema, "Mama, tunaweza kuiita se ya tano tu, hakuna atakayelaumu," na marehemu akamjibu, "Baba yangu aliiita hivyo, na baba yake pia, herufi haina kosa," lakini usiku wa kuamkia siku ya kurekodi viatu vilikuwa bado kando ya kitanda, na asubuhi Mahlet ndiye aliyemtia Bulla mkononi mwake.

Walirekodi. Mahlet aliita, "Mfalme, njoo! Umejificha wapi? Toka, usiogope, kiti chako ki kitupu!", punda akatafuta chini ya meza, akatafuta ndani ya birika la kahawa, akakikalia kigoda chenyewe na kulalamika kwamba kuna kitu kinamchoma, na safari hii taa hazikuzimwa, na herufi ile ya mbao, ile ile aliyoichonga marehemu Beyene, ikatoka nyuma ya kigoda mbele ya macho ya wote. Bwana Surafel, aliyekuwa nyuma ya kamera, alikaa sakafuni.

Jioni ya tarehe 29 Ginbot kipindi kilipoonyeshwa, marehemu hakuangalia televisheni, alikaa barazani amejifunika shuka yake nyeupe, amegeuza sikio kuelekea barabarani, akingoja, na kilichomjia ni sauti ya jirani yetu Bwana Lemma, juu ya ukuta, akipaza sauti, "Bibi Tewabech! Mwambie punda wako aache kupiga kelele, mfalme yuko kwetu, wajukuu wamemficha kwenye pipa la unga, na mama yao anatafuta fimbo!" Kisha nyumba ya pili ikaitikia kwamba mfalme yuko kwao, na ya tatu, mpaka mtaa mzima watoto wakawa wanaitana, na mama yetu akacheka mpaka akashika mbavu, akacheka kicheko ambacho watoto wake hawakuwa wamewahi kukisikia, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Kumbe ni herufi tu." Usiku ule alivitia viatu kabatini, akalala mpaka jua lilipochomoza.

Alifanya kazi hiyo kwa mkono wake miaka mitatu na nusu, watoto wakijifunza herufi zote mpaka ya mwisho, akawafundisha vijana watano kumshika punda na wengine kumpa sauti, mpaka mwezi wa Hidar 2016 alipoanza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akapelekwa hospitali, madaktari wakakuta moyo umechoka, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani kwa Krismasi, akalazwa tena baada ya Ubatizo. Katika siku hizo Abba Tsige alimwuliza kama angetaka afunguliwe kinywa naye amsemeshe Bulla walau mara moja, marehemu akakataa, akasema, "Hapana, Abba, mama alinilinda nacho, nitakirudisha kama kilivyo," na mtoto wa mgonjwa mwenzake alipomwomba sauti ya punda, aliinua mkono mtupu, akaukunja ukawa na kinywa na masikio, akamwonyesha mtoto kwa kidole kwamba sauti aitoe yeye, na mtoto akaitoa, wodi nzima ikacheka, na muuguzi akaja kuuliza nani ameleta mnyama.

Siku ya mwisho alimwambia Mahlet, "Midomo ya Bulla sasa ni mingi, mimi naweza kunyamaza," akapokea Komunyo Takatifu, na siku ya Alhamisi tarehe 23 Tir 2016, saa tatu na nusu asubuhi, akalala katika Bwana akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, ameacha watoto wawili na wajukuu wanne. Tunalia, kwa kuwa ni mama yetu, lakini hatulii kama watu waliofungiwa mlango, maana tulimwona akiondoka mwepesi, hana deni kwa malaika wala kwa watoto wa nchi hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole mpaka pumzi ya mwisho, chama chetu cha kuzikana kwa mahema, vyakula na mabega yenu, majirani ambao hawajazima jiko la kahawa tangu Alhamisi, walimu wenzake wa Gulele, Bwana Surafel na vijana wote wa studio, na Abba Tsige, aliyetufundisha kwamba nadhiri haimfungi mtu zaidi ya ilivyosemwa.

Ee Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, umpokee mtumishi wako Tewabech, usizihesabu hofu zake bali uvumilivu wake, umpe mahali penye maji tulivu na nuru isiyozimwa, umkutanishe na mama yake, na utujalie sisi tuliobaki kuondoka siku yetu kwa utulivu kama wake. Lala salama, mama, katika amani ya Bwana. Amina.